Unataka kufungua nyumba ya mauaji ya zamani iwe ya watalii? Soma hii kwanza

Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Kila ikikaribia mwezi wa kumi meseji zinaanza kumiminika, "kaka we si ndo unafanya kazi kwenye nyumba ya mizimu huko Marekani, nasikia inalipa balaa, mtu anaanzaje?" Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, vidole vimechoka. Wengi wanaouliza ni Wabongo, Wakenya na Wakongo walioko hukuhuku, mtu kaona nyumba ya zamani inauzwa bei ya kutupa kwenye kamji kadogo, kauliza mbona rahisi hivyo, kaambiwa kuna watu waliuawa humo 1900 na kitu, basi kichwani mahesabu yakaanza. Kwahiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii.

Mi nimetembeza wageni misimu sita kwenye nyumba moja ya aina hiyo, jina naliacha maana mengine nitakayosema hayatampendeza mwenye nyumba. Mifano yenye majina nitaichukua kwa wale mabingwa wawili wanaojulikana dunia nzima. Wa kwanza ni nyumba ya Villisca, Iowa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 1912 watu 8 waliuawa kwa shoka humo wakiwa wamelala: Josiah Moore, mkewe Sarah, watoto wao wanne Herman, Katherine, Boyd na Paul, na mabinti wawili waliokuja kulala tu usiku ule, Lena na Ina Stillinger. Mkubwa kati ya watoto wote sita alikuwa na miaka 12. Muuaji hajulikani mpaka leo. Wa pili ni nyumba ya Borden, Fall River, Massachusetts. Tarehe 4 Agosti 1892, asubuhi kweupe, Andrew Borden na mkewe Abby waliuawa humo, binti wa Andrew anayeitwa Lizzie akashtakiwa, na mwaka uliofuata wazee wa baraza mahakamani wakamwachia huru. Hiyo ni gesti ya kulala na kifungua kinywa tangu 1996.

Kabla ya chochote elewa hili, maana wanaofeli wote wanafeli hapa: mgeni halipii mzimu. Mzimu huna, huwezi kuuahidi, na ukiuahidi utaanza kuutengeneza kwa waya na spika. Mgeni analipia usiku mmoja ndani ya kuta ambazo kitu cha kweli kilitokea. Hicho unacho tayari. Kazi yako ni kutokiharibu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Hela ya kuishi mwaka mzima na zaidi bila nyumba kukuingizia hata senti. Ukarabati, vibali na bima vinakula muda kuliko unavyodhani.
- Wakili wa hapohapo kwenye kaunti, sio rafiki yako wa mji mkubwa.
- Ajenti wa bima ambaye umeshamwambia ukweli wote, pamoja na neno "usiku".
- Fundi anayezijua nyumba za mbao za zamani. Fundi wa nyumba mpya ataing'oa historia yako aiweke kwenye dampo kabla hujanywa chai.
- Mtu wa pili wa kupokezana naye usiku. Peke yako huwezi, nimejaribu, mwezi wa pili nilikuwa nasinzia kwenye taa nyekundu.
- Kadi ya maktaba. Sitanii.

Hatua ya 1: Chagua tukio kwanza, nyumba baadaye

Watu wanaanza na nyumba. Kosa. Anza na tukio, jiulize maswali matatu. Wote waliowajua marehemu kwa sura wameshaondoka duniani? Kesi ina makaratasi, yaani magazeti, uchunguzi, mahakama? Na nyumba ni ileile, haijabomolewa ikajengwa nyingine palepale?

Swali la kwanza ndo zito. Kanuni yangu mimi ni miaka 80 kwenda juu, chini ya hapo sigusi hata nyumba ikiwa ya bure. Pale Gloucester, Uingereza, nyumba namba 25 Cromwell Street ya wale wauaji Fred na Rosemary West, halmashauri waliibomoa 1996, matofali wakayasaga kabisa ili watu wasiokote kumbukumbu, leo ni kanjia ka kupita tu. Na walifanya sawa, familia za wale mabinti zilikuwa hai zinaangalia. Amityville kule New York mauaji ni ya 1974, watu 6 wa familia moja, ile nyumba mpaka leo ni makazi ya watu binafsi na wenyewe walichoka na magari ya washangaaji mpaka namba ya nyumba ikabadilishwa, kutoka 112 kuwa 108. Sasa we ukienda na wazo lako la tiketi kwenye mtaa kama ule utapokelewaje?

Hapa wengine wananiuliza, je nikifanya nyumbani, kuna jumba bovu la zamani huko pwani. Ndugu yangu, kwetu nyumba iliyomwagika damu inasomewa dua au inafanyiwa misa, watu wanahama, basi. Hakuna mtu wa mtaani atakayekulipa alale humo, watabaki wageni tu, na wenyeji watakuangalia kama mchawi. Watu wanaenda Mkunazini, Zanzibar, pale palipokuwa soko la watumwa, wanashuka kule chini wanatoka kimya, wala hakuna anayehitaji kuwauzia mzuka. Palivyo panatosha. Hiyo ndo heshima ninayoisema, ukiweza kuileta hukuhuku kwenye nyumba ya Iowa utawashinda wenzako.

Hatua ya 2: Nenda ofisi ya mji kabla ya kwenda benki

Nyumba nyingi za hivi ziko kwenye mtaa uliopangwa kuwa wa makazi. Kuingiza watu wa tiketi ni biashara, unahitaji kibali maalumu, na kibali kina kikao cha wazi ambapo jirani yeyote anaruhusiwa kusimama akakupinga. Kwahiyo majirani uwamalize kabla ya kikao, mlango kwa mlango, wewe mwenyewe, sio karatasi kwenye sanduku la barua. Waambie saa ya kufungua, saa ya kufunga, magari yatapaki wapi, na wape namba yako ya simu inayopokelewa usiku. Jirani akiwa na namba yako anakupigia wewe, asipokuwa nayo anapiga polisi.

Bosi wangu wa zamani alifanya kinyume, alifungua kwanza, kibali baadaye, akasema kamji kadogo watafurahi tu hela ikiingia. Wakamfungia tarehe 3 ya mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi! Huo ni mwezi wa Halloween, sikukuu yao ya mambo ya mizimu, ndo mwezi unaolisha miezi mingine yote. Nilirudi kubeba maboksi ghalani mpaka Krismasi.

Hatua ya 3: Bima, tena bima

Bima ya kawaida ya nyumba haihusu wageni wanaolipa, wala usijidanganye. Unahitaji bima ya biashara inayotaja wazi kwamba watu wanalala humo, na kampuni yako iwe imesajiliwa peke yake, LLC (kampuni ambayo madeni yake hayagusi mali zako binafsi), ili mtu akikushtaki asifike mpaka kwenye nyumba unayoishi na watoto.

Unadhani natisha? Novemba 2014 pale Villisca mgeni mmoja aliyekuja na wenzake kutafuta mizimu alijichoma kisu kifuani mwenyewe usiku, akapelekwa hospitali Omaha. Magazeti yote yakaandika "mzimu". Sasa wewe mwenye nyumba huna nafasi ya kujadili mizimu, una mgeni amejeruhiwa kwenye mali yako na kamera za TV barabarani. Fomu ya kukubali hatari wasaini wote, ndio, ila fomu sio bima. Na mtoto hasaini chochote chenye maana, kwahiyo usiku weka miaka 18, full stop.

Hatua ya 4: Chimba historia mpaka ufike mwamba

Hapa ndo nitakaa kidogo maana hapa ndo mtaji ulipo.

Soma magazeti ya wiki ile. Maktaba ya bunge la Marekani, Library of Congress, wana mkusanyo wa bure mtandaoni unaitwa Chronicling America, kurasa za magazeti ya zamani unazisoma kama zilivyochapwa. Nenda mahakama ya kaunti uombe jalada, uliza ripoti ya uchunguzi wa vifo, tafuta sensa ya miaka ile ujue nani alikuwa anaishi nyumba ya pili. Kuna ramani za Sanborn, zilichorwa kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto, zinakuonyesha nyumba ilikuwa na umbo gani mwaka gani, baraza ilikuwa wapi, ghala lilikuwa wapi. Ukishakusanya nunua daftari kubwa, gawanya kurasa mafungu matatu: IMETHIBITIKA, INASEMEKANA, UONGO. Kila kitu utakachotamka mbele ya mgeni kiwe kimeingia kwenye fungu mojawapo.

Mfano wa Villisca. Imethibitika: familia ilitoka kwenye ibada ya watoto kanisani kwao Presbyterian jioni ya tarehe 9, wakarudi nyumbani usiku. Shoka lilikuwa la Josiah mwenyewe, liliachwa chumba cha chini walicholala wale mabinti wa Stillinger. Mapazia yalikuwa yamefungwa, vioo vimefunikwa kwa nguo. Kulikuwa na kipande cha nyama ya nguruwe karibu na shoka, mpaka leo hakuna anayejua cha nini. Asubuhi jirani, Mary Peckham, aliona nyumba imekuwa kimya mno, kuku hawajafunguliwa, akaita ndugu yake Josiah. Alafu mji mzima ukaingia ndani kuchungulia, ushahidi ukakanyagwa na viatu. Inasemekana: seneta wa jimbo Frank Jones, aliyekuwa mpinzani wa Josiah kibiashara, alituma mtu. Hakuwahi kushtakiwa. Mchungaji George Kelly yeye alishtakiwa, mara mbili ndani ya 1917, mara ya kwanza wazee wa baraza hawakukubaliana, mara ya pili wakamwachia. Sasa ukimwambia mgeni "muuaji alikuwa mchungaji", umehamisha kitu toka fungu la pili kwenda la kwanza, na yuko mgeni mmoja kwenye kila kundi aliyesoma kuliko wewe, atakuaibisha mbele za watu.

Mfano wa uongo unaopendwa: kile kishairi cha watoto kuhusu Lizzie Borden kinasema alimpiga mama yake mapigo 40 na baba yake 41. Kwenye uchunguzi Abby hakufikisha hata 20, Andrew ni kama 10 au 11. Na Abby hakuwa mama yake mzazi, alikuwa mama wa kambo. Mwongozaji mzuri anatumia uongo huo kama mlango, anauliza kundi "mapigo mangapi?", wanajibu kwa pamoja kama darasa la kwanza, alafu anawapa ya kweli, nyumba nzima inanyamaza. Nishaona mtu anakaa chini pale. Kwa hesabu tu, bila mzuka wowote.

ONYO: usiongeze marehemu. Kuna ugonjwa wa kubuni "binti wa nguo nyeupe" asiye kwenye jalada lolote kwasababu wageni wanapenda binti wa nguo nyeupe. Bosi wangu alimbuni mmoja, akampa na jina, baada ya msimu mmoja wageni wakaanza kumletea wanasesere, chumba kikajaa, mi ndo nafagia. Nikiulizwa alikuwa nani nilikuwa nakohoa.

Hatua ya 5: Itengeneze nyumba iwe ya zamani lakini isiue mtu

Darwin na Martha Linn waliinunua ile ya Villisca 1994, wakairudisha ilivyokuwa 1912, waling'oa mpaka umeme na mabomba. Ndo maana ukiingia inakupiga, hakuna swichi ya kushika. We pia ng'oa vilivyoongezwa baadaye, plastiki za ukutani, baraza zilizozibwa, kapeti. Ila ukiingia kwenye kung'oa fanya kwa mpangilio:

a) Pima rangi. Nyumba za kabla ya 1978 huku zinachukuliwa kuwa zina rangi yenye madini ya risasi mpaka ipimwe. Usikwangue kavu, vumbi lake ni sumu. Pima na asbestosi kwenye mabomba na chini ya sakafu.
b) Weka vigundua moshi na vigundua kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyonusika) kila ghorofa, vya betri, vidogo, hakuna mgeni atakayelalamika kwamba vinaharibu mandhari. Mtungi wa kuzimia moto juu na chini.
c) Njia mbili za kutokea, ngazi ziwe na kishikio, taa ya dharura ya betri.
d) Taa za chemli ziwe za betri. Nyumba ya mbao ya miaka mia na zaidi ni kiberiti, na mgeni aliyeshtuka anatupa alichoshika.
e) Choo. Kama umeng'oa mabomba weka choo nje, safi, chenye taa. Wageni wanasamehe kukosa mzimu, choo hawasamehi.

Uliza pia kuhusu orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, Villisca imo. Nyumba ya biashara ikiwa kwenye orodha na ukarabati ukafuata masharti, kuna punguzo la kodi ya serikali kuu asilimia 20 ya gharama. Lakini uombe KABLA ya kuanza kugonga nyundo, sio baada. Nimeona watu wanalia.

Fanicha nunua za mwaka ule minadani. Kama ni nakala sema ni nakala. Kochi la Fall River, mfano wa lile alilouawa Andrew, ambalo watu wanapigia picha ni nakala, na wanapiga tu.

Hatua ya 6: Tunga matembezi ya mchana

Dakika 50 mpaka saa moja, watu wasizidi 10 kwa kundi, vyumba ni vidogo.

Anza nje, barabarani, waeleze mji ulikuwaje, nani alikuwa na hela, nani hawasalimiani. Ndani anza na walio hai: huyu alikuwa na duka, huyu anajifunza hiki, hiki ndo chumba chao. Taja majina na umri. Mauaji yaje robo ya mwisho, kwa maneno machache, ukiwa umesimama, bila kuigiza kelele. Kwenye chumba cha watoto nyamaza kabisa sekunde kama 20, usiseme "sasa tunyamaze", we nyamaza tu. Maliza na kesi, maana kule ndo kuna maswali, na maswali ndo yanamrudisha mgeni usiku.

Kitu kidogo kwa wenzangu waswahili, mkiwa wawili kwenye shifti kubalianeni saa. Mwenzangu mmoja nilimwandikia "kundi linakuja saa mbili", akaisoma kizungu akaja saa nane mchana, kumbe wageni wenyewe walikuwa wa jioni. Sasa tunaandika kwa namba za kizungu.

Hatua ya 7: Usiku

Hapa ndo hela ilipo na hapa ndo unaweza kupoteza kila kitu. Utaratibu wetu, baada ya kuumia, ulikuwa hivi:

1. Kundi zima linafika pamoja kukiwa bado na mwanga. Atakayechelewa anapigiwa simu, hafunguliwi mlango gizani na mgeni mwenzake.
2. Vitambulisho, fomu, alafu kila mtu anaulizwa pembeni, peke yake, kama anajisikia sawa, kama anatumia dawa ambayo haitakiwi kukosa usiku, kama kuna anayemlazimisha kuja. Inaonekana umbea. Imetuokoa mara mbili.
3. Hakuna pombe, bangi, mishumaa, ubani, kisu wala bunduki. Mabegi yanafunguliwa. Anayekataa anarudishiwa hela yake anaenda.
4. Unawatembeza nyumba nzima kwa mwanga, unawaonyesha milango, ngazi mbaya ni ipi, redio ya mkononi inawashwaje.
5. Wewe au mwenzako mnabaki jirani, ndani ya dakika mbili za kutembea, redio imewashwa, HULALI. Hii ya "nipigie ukihitaji kitu" na wewe uko nyumbani maili 15 usiifanye.
6. Asubuhi saa tatu unaingia mwenyewe, unahesabu watu, unahesabu vitu.

Mambo ya vifaa, vimita vya EMF (vya kupima nguvu ya sumaku na umeme), rekoda, kamera za infraredi, waache waje navyo, ni starehe yao. Ubao wa Ouija, ule wa herufi wanaodai unaongea na mizimu, wengine wanaruhusu, mi siruhusu, sio kwa imani tu, ni kwamba kundi likishaanza na ule ubao ugomvi hautoki, mmoja atamwambia mwenzie we ndo umesukuma na mmoja atalia. Kama na wewe ni mtu wa dini sali zako kabla ya shifti, hakuna atakayekucheka, mwenzangu mmoja alikuwa anasoma Ayatul Kursiy mlangoni kila jioni na alikuwa muongozaji mzuri kuliko sisi wote.

ONYO: usifiche mtu darini agonge. Usifiche spika. Siku ikijulikana, na itajulikana maana wageni wanakuja na kamera sita, hata yale ya kweli hayaaminiki tena. Na mtu akianguka ngazini akikimbia kelele uliyoipanga wewe, bima watakuuliza hiyo kelele ilitoka wapi.

Hatua ya 8: Bei

Usiku uza kwa kundi, sio kwa kichwa. Tuseme dola 400 kwa kundi la watu 6, na kila wa ziada analipa chake, mwisho 8. Ukiuza usiku 120 kwa mwaka ni 48,000. Inasikika tamu eeh, sasa toa bima, kodi, kuni, mshahara wa mwenzako, fundi wa paa, utabaki na hela ya mtu mwenye kazi ya kawaida. Hela ya ziada inatoka mchana, watu 15 au 20 wa tiketi kila wikendi. Chukua malipo yote mapema wakibuki, kurudisha hela mwisho siku 14 kabla, na hilo liandike kwa herufi kubwa.

Hatua ya 9: Duka na matangazo

Vikombe, fulana, postikadi, kijitabu cha historia ulichokiandika mwenyewe toka kwenye lile daftari. Vipande vya mbao za nyumba usiuze, mara moja tu ukiuza kila mgeni ataanza kujing'olea. Kwenye matangazo andika "nyumba ambayo", usiandike "utaona". Kuna kesi ya Nyack, New York, mwenye nyumba alikuwa ameitangaza mwenyewe magazetini kwamba ina mizimu, alipoiuza bila kumwambia mnunuzi, mahakama ya rufaa 1991 ikasema kisheria nyumba ile INA mizimu, mnunuzi akaruhusiwa kujitoa. Yaani unachokitangaza leo ndo utakachouza kesho. Angalia pia kama jina la nyumba au picha ya kishoka haina mwenyewe, watu wameisajili.

Ikikwama

*Mgeni anadai hela yake, hajasikia kitu.* Humrudishii. Mwonyeshe alichosaini, mpe chai, msikilize. Dakika kumi anaanza kukuhadithia kitu "kidogo" alichosikia saa tisa usiku.

*Hatua zinasikika darini kila usiku, wageni wamefurahi.* Ni rakuni au kindi. Funga matundu kabla hawajakata nyaya.

*Mita inalia sehemu moja tu ya ukuta.* Waya wa umeme wa zamani umebaki ndani. Ita fundi.

*Wageni wote wanaumwa kichwa, wamechoka, wanasikia kifua kizito, mmoja anaona vivuli.* TOA WATU NJE SASA HIVI, alafu piga 911, namba ya dharura ya huku. Hiyo inaweza kuwa kaboni monoksidi. Mwaka 1921 daktari wa macho Mmarekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyoona mizimu nyumba nzima, kumbe tanuru la kupashia joto lilikuwa linavuja. Usimwache mgeni akae "aone zaidi".

*Mgeni kapaniki, hapumui vizuri.* Washa taa, zote. Mkalishe barazani, muulize mambo ya kawaida, kapaki wapi, mbwa wake anaitwa nani. Asipopata nafuu piga 911, usione aibu.

*Vitu vinaibiwa.* Misumari, vitasa, karatasi za ukutani, wanabeba mpaka udongo. Weka vya thamani nyuma ya kioo, na mlangoni weka kikapu cha misumari ya dukani, andika "chukua mmoja". Inashangaza lakini inafanya kazi.

*Watu wa kanisa wamekuja kusali barabarani.* Wape maji. Usibishane, usirekodi, usiweke mtandaoni.

*Amekuja ndugu wa marehemu.* Hii hautaiandaa, inatokea tu. Kwetu alikuja bibi mmoja na kijana wake, hakununua tiketi, alisimama kwenye ngazi za mbele akataja jina la mmoja wa wale watoto na kusema "alikuwa shangazi wa mama yangu". Mi nikaanza kumweleza habari za nyumba kama mjinga, mwenzangu akanivuta shati. Usimlipishe, usimpige picha, usimwombe hadithi. Mpe kiti, funga duka, kundi la saa kumi lisogeze mpaka saa kumi na moja, na yale maboksi ya fulana zenye shoka yatoe pale mlangoni kabla hajaingia.